Sentensi ya kwanza niliyomwambia mteja

Sentensi ya kwanza niliyomwambia mteja wangu wa kwanza ilikuwa ya uongo, na niliitamka kwa moyo mweupe kabisa. Nilisema: "Kila utakachoniambia humu ndani kitabaki humu ndani." Siku mbili baadaye niliketi na mwalimu aliyekuwa akisimamia mafunzo yangu, kinasa sauti kikiwa mezani kati yetu, na hata dakika moja haijapita akabonyeza kitufe na kuisimamisha rekodi. "Rudisha nyuma," akasema. Nikarudisha. Tuliisikiliza sentensi ile mara ya pili, kisha mara ya tatu, ndipo akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa: "Mwanangu, hivi mimi ni nani, na ninafanya nini humu ndani?"

Nilichelewa kulielewa swali lake. Yeye alikuwa mtu wa tatu. Maneno niliyoahidi kwamba hayatavuka mlango yalikuwa yameshavuka, na sasa yalikuwa yakisikilizwa na mtu ambaye mteja hajawahi kumtia machoni. Ni kweli kwamba mteja alikuwa ametia saini fomu ya kukubali kurekodiwa. Lakini fomu hiyo ilikuwa ya tatu katika bunda la karatasi tano, na nilichofanya mimi ni kumpa kalamu na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kuandika jina lake. Kwenye jalada kila kitu kilikuwa sawa. Kwa jinsi alivyoelewa yeye aliyeketi mbele yangu, alikuwa akizungumza na mtu mmoja tu.

Leo, nikiombwa kuwaeleza wanaoanza kazi hii misingi ya tiba ya kisaikolojia, huanzia kwenye sentensi hiyo kabla ya kugusa nadharia yoyote. Kozi nyingi huweka nadharia na mbinu mbele, kisha maadili yakaja mwishoni, mithili ya maelezo ya tahadhari yanayobandikwa nyuma ya chupa ya dawa. Naona mpangilio huo umepinda. Ridhaa, usiri na mipaka ni viungo vya dawa yenyewe: ukivitoa, mbinu iliyobaki hupoteza nguvu, hata kama imefanyiwa utafiti wa miaka mingi. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, na nitalieleza kwa kutumia makosa yangu zaidi kuliko visa vya wateja. Pale mteja anapojitokeza, yanayomhusu yeye nimeyabadilisha kiasi kwamba hata akisoma mwenyewe hatajitambua. Yanayonihusu mimi sijayagusa.

Tiba ya kisaikolojia ni hatua inayochukuliwa kwa makusudi na mtu aliyefunzwa, ili kubadili namna mtu anavyohisi, anavyofikiri au anavyotenda, kwa njia zinazoweza kuelezwa na kuchunguzwa. Sifa ya kuelezeka na kuchunguzika ndiyo inayoitenga na faraja tunayopeana sisi kwa sisi, ambayo ni njema na ya lazima, lakini haimlazimu mtu yeyote kueleza kwa nini alisema alichosema. Rafiki akikwambia "jikaze", hadaiwi sababu. Mtaalamu anadaiwa.

Jina moja maarufu la kazi hii, ukilitafuta asili yake, lilitoka kinywani mwa mgonjwa. Mwaka 1895 madaktari wawili wa Vienna, Josef Breuer na Sigmund Freud, walichapisha uchunguzi wao kuhusu histeria, jina la wakati ule la dalili za mwili zilizodhaniwa kutokana na msukosuko wa hisia, na mgonjwa wa kwanza kuelezwa humo, aliyekuwa akitibiwa na Breuer na kupewa jina la Anna O., ndiye aliyeyaita mazungumzo yale tiba ya kuzungumza. Jina hilo la bandia lilikusudiwa kumsitiri. Mwaka 1953, miaka 17 baada ya kifo chake, mwandishi wa wasifu wa Freud aliliweka hadharani jina lake halisi, Bertha Pappenheim. Huwa nawasimulia wanafunzi jambo hili kwa sababu linaonyesha jinsi sitara ya mgonjwa ilivyokuwa nyembamba tangu mwanzo, na jinsi sisi wataalamu tulivyo wepesi wa kuona kwamba historia ina haki kubwa kuliko mtu.

Njia nyingine zilikuja kwa kasi. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto aliyeitwa Peter kuondokana na hofu ya sungura, kwa kumsogeza sungura karibu kidogo kidogo wakati mtoto akila chakula anachokipenda. Joseph Wolpe aliikuza mbinu ya aina hiyo na kuichapisha kwa mapana mwaka 1958. Katika miaka ya 1960 Aaron Beck alibaini kwamba wagonjwa wake wenye sonona walikuwa na mawazo ya ghafla yanayopita haraka, yenye hukumu kali juu yao wenyewe, na kwamba mawazo hayo yanaweza kuwekwa mezani na kupimwa kama dai lingine lolote. Kabla ya hapo, mwaka 1952, Hans Eysenck alikuwa amewakera wengi kwa kudai kwamba takriban theluthi mbili ya watu wenye matatizo ya kihisia yaliyoitwa ya neva, kama wasiwasi uliokithiri, hupata nafuu ndani ya miaka miwili, watibiwe wasitibiwe. Hesabu zake zilipingwa sana, lakini kwa maoni yangu alitufanyia hisani: alitulazimisha kuleta ushahidi. Mwaka 1977 Mary Smith na Gene Glass walijumlisha matokeo ya tafiti karibu 400 na kuonyesha kwamba mtu wa kawaida aliyepata tiba alikuwa na hali bora kuliko asilimia 75 ya wale ambao hawakuipata. Waligundua pia kwamba tofauti kati ya shule moja ya tiba na nyingine ilikuwa ndogo kuliko kelele za ushindani wao.

Sasa, ikiwa njia zinazopingana kwa nadharia zinatoa matokeo yanayokaribiana, basi lazima kuwe na kitu wanachokifanya wote bila kukitangaza. Carl Rogers alikuwa ameshapendekeza jibu mwaka 1957. Alisema mabadiliko yanahitaji mtaalamu anayemwelewa mteja kutoka ndani ya ulimwengu wa mteja mwenyewe, anayemkubali bila masharti, na asiyejificha nyuma ya sura ya bandia. Mwaka 1979 Edward Bordin aliugawa ushirikiano wa mtaalamu na mteja katika sehemu tatu: wakubaliane wanakwenda wapi, wakubaliane watafanya nini ili wafike, na wawe na uhusiano wa kuaminiana wa kuwafikisha huko. Zitazame zile mbili za kwanza. Kukubaliana kuhusu lengo na kukubaliana kuhusu kazi ya kufanya ndiyo ridhaa yenyewe kwa jina lingine. Watu waliokuwa wakitafuta kinachoponya, na watu waliokuwa wakiandika kanuni za mwenendo mwema, walipita njia tofauti wakatokea mlango mmoja.

Hapa lugha yetu inatuletea kikwazo ambacho sijaona kikijadiliwa vya kutosha. Tumezoea kuiita kazi hii ushauri nasaha. Ushauri ni kumwambia mtu la kufanya; nasaha nayo ni maneno mema ya kumwongoza. Tumeyaunganisha maneno mawili yanayosema jambo moja, nalo ni jambo ambalo mtaalamu mwangalifu hulifanya kwa nadra. Matokeo yake mteja huingia akitarajia kupewa hukumu: niache au nisiache, nisamehe au nisisamehe. Anayeanza kazi, kwa hofu ya kuonekana hajui, humpa. Katika rekodi ile ile ya kwanza mwalimu wangu alisimamisha mahali pengine, baada ya mteja kusema jambo zito na kunyamaza. Alinitaka nihesabu kimya kile kilidumu kwa muda gani kabla sijakivunja. Zilikuwa sekunde nne. Mteja alikuwa amevuta pumzi, unaisikia kabisa, na mimi nikaijaza nafasi ile kwa busara zangu. Pumzi ile ilikuwa mwanzo wa sentensi ambayo sikuwahi kuisikia.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwangu hiyo ndiyo maelezo bora ya kile Rogers alichokiita kuelewa, kwa sababu methali inaanza kwa kukiri kutojua. Huruma pekee haitoshi, maana huruma humtazama mtu kutoka juu, na wakati mwingine humnyima nafasi ya kusema kwamba mimi, kwenye kitanda hiki, kunguni sio shida, shida ni kwamba nalala peke yangu.

Nieleze sasa jinsi ridhaa inavyofanya kazi ndani ya mbinu, nikitumia mfano wa kubuni. Mtu anaogopa lifti, na amefika mahali pa kukataa kazi nzuri kwa sababu ofisi iko ghorofa ya 11. Kila anapofika kwenye lifti na kugeukia ngazi, hofu hushuka papo hapo, na ahueni ile humfundisha kwamba ngazi ndizo zilizomwokoa. Hofu yake haijawahi kupimwa, imekimbiwa tu, na kila inapokimbiwa hunenepa. Tiba inayokubalika kwa ushahidi mwingi ni kumkutanisha na kile anachokiogopa kwa hatua. Wanakaa pamoja na kuandika orodha, na kila hatua wanaipa uzito kwa kipimo cha 0 hadi 100 ambacho alikianzisha Wolpe: kusimama mbele ya mlango wa lifti ni 30, kuingia mlango ukiwa wazi ni 45, kupanda ghorofa moja na mtu mwingine ni 60, kupanda peke yake hadi ya 11 ni 95. Kabla ya kila hatua mtaalamu humuuliza: "Unatarajia kitatokea nini?" Anasema: "Nitazimia." Wanaiandika. Anaingia, moyo unamwenda mbio, viganja vinalowa, anabaki mle. Akitoka wanarudi kwenye karatasi. Hakuzimia. Kinachomponya ni pengo kati ya alichotabiri na kilichotokea, na pengo hilo lazima aliingie mwenyewe kwa miguu yake.

Mchukue sasa mtaalamu mwenye haraka, anayeona kwamba mteja yuko tayari ingawa mwenyewe hajui, na ambaye wakiwa ndani ya lifti anabonyeza namba 11 bila kusema. Kwa macho ya kanuni za maadili amekiuka ridhaa. Kwa macho ya tiba ameharibu zaidi: amemfundisha mteja kwamba hofu yake ilikuwa na haki, kwa kuwa ndani ya lifti mambo hutokea bila yeye kuwa na usemi, na kwamba hata aliyempeleka mle si wa kuaminika. Kosa la kimaadili na kosa la kitaalamu hapo ni kosa moja. Ndiyo maana nasema ridhaa haimalizwi kwa saini, huombwa upya katika kila ngazi, mara nyingine kwa kuuliza tu, "Tuendelee, au tubaki hapa kidogo?" na kulikubali jibu lolote litakalotoka.

Narudi kwenye usiri, kwa kuwa ndiko kosa langu lilikoanzia na ndiko mambo yalipo magumu zaidi. Usiri una mipaka, na kesi iliyowafanya wataalamu wengi duniani waifikirie mipaka hiyo kwa makini ilitokea California. Mwaka 1969 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Prosenjit Poddar, alimweleza mwanasaikolojia aliyekuwa akimtibu kwamba alikusudia kumuua msichana ambaye hakumtaja jina lakini aliyeweza kutambulika. Mwanasaikolojia yule aliwaarifu polisi wa chuo. Polisi walimshikilia kijana huyo kwa muda mfupi, wakaona ana akili timamu, wakamwachia. Hakuna aliyemwonya msichana wala wazazi wake. Tarehe 27 Oktoba 1969 Tatiana Tarasoff aliuawa. Wazazi wake walifungua mashtaka, na Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua mwaka 1974, kisha ikaamua upya mwaka 1976, kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda mtu ambaye mgonjwa wake amekusudia kumdhuru. Kwa maneno ya mahakama, kinga ya usiri hukoma pale hatari kwa umma inapoanza.

Kuna wataalamu wenzangu wanaoiona hukumu ile kama mzigo uliowageuza kuwa askari. Sikubaliani nao, ingawa naelewa wasiwasi wao kwamba mtu akijua atatajwa hatasema, na asiposema hatasaidiwa. Kinachonishawishi ni kwamba tatizo hilo hupungua sana mipaka inapotajwa mapema. Mteja aliyeambiwa siku ya kwanza kwamba yapo mambo matatu au manne yasiyoweza kufungiwa chumbani, akiamua kuyasema siku ya sita, mara nyingi anayasema kwa sababu anataka mtu achukue hatua. Aliyeahidiwa usiri usio na mwisho, kisha akaona polisi au ndugu mlangoni, amesalitiwa, na huenda asimfungukie mtu mwingine tena maishani mwake. Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi kuhusu lini mtaalamu analazimika kutoa taarifa na lini anaruhusiwa tu, na kila anayeanza kazi anapaswa kuijua sheria ya mahali pake kabla ya mteja wa kwanza kuketi.

Kuhusu hatari ya mtu kujidhuru, niseme jambo moja tu la vitendo: uliza waziwazi. Wengi wanaoanza huzunguka mbuyu, wakihofia kwamba kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua kutampandikizia wazo hilo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo, na wateja wengi hupumua kwa mara ya kwanza wanapoulizwa. Baada ya kuuliza, kaa naye muandike mpango wa usalama: dalili zinazomwonyesha kwamba hali inakuwa mbaya, nini anaweza kufanya peke yake, nani wa kumpigia, vitu gani viondolewe karibu naye. Kumtaka asaini ahadi kwamba hatajiua hakuna faida iliyothibitishwa, na mara nyingi karatasi hiyo humtuliza mtaalamu kuliko mteja.

Mipaka ya uhusiano ni eneo lingine linalofundishwa kwa amri, wakati linahitaji kufikiriwa. Mwaka 1993 Thomas Gutheil na Glen Gabbard walitenganisha kuvuka mpaka na kuuvunja. Kumsindikiza mteja hadi kwenye lifti ya mfano wetu ni kuvuka mpaka wa kawaida wa kikao cha chumbani, na kunamsaidia. Kumkopa fedha ni kuuvunja. Kipimo ninachotumia ni kujiuliza: haja ya nani inatimizwa hapa, na je, naweza kumsimulia msimamizi wangu jambo hili bila kupunguza neno? Jibu la swali la pili likichelewa kuja, nimeshapata jibu. Yapo mambo ambayo hayahitaji kipimo chochote: uhusiano wa kimapenzi na mteja umekatazwa kabisa, na kanuni za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani zinaukataza na aliyekuwa mteja kwa angalau miaka miwili baada ya tiba kuisha, na hata baada ya hapo hauruhusiwi ila katika hali adimu sana. Mimi binafsi ningeufuta huo muda na kusema kamwe. Aliyekueleza alivyokuwa akilia usiku akiwa na miaka saba hawezi kuwa sawa na wewe kwa sababu tu kalenda imegeuka mara mbili.

Zawadi ni jambo dogo linalofundisha mengi. Mteja mmoja aliwahi kuniletea kalamu nzuri, na mimi, nikiwa nimekariri kanuni, niliikataa kwa hotuba fupi kuhusu weledi. Uso wake ulibadilika, akairudisha kalamu mkobani taratibu, na kikao kilichofuata hakuja. Nilikuwa nimetii kanuni na kumfedhehesha mtu. Siku hizi zawadi ndogo ikija naizungumzia kwanza: inamaanisha nini kwake, kwa nini leo, angejisikiaje nikiipokea na angejisikiaje nisipoipokea. Mara nyingine naipokea. Mara nyingine tunagundua pamoja kwamba amezoea kulipia kila wema anaotendewa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtendea bure, na hapo kalamu imetupeleka mahali ambapo maswali yangu ya wiki nane yalikuwa hayajafika. Jambo jipya linalofanana na hilo ni kumchungulia mteja mtandaoni. Mkono unawasha, nakiri. Lakini nikijua kumhusu jambo ambalo hakuniambia, nitakuwa naketi naye huku nimefungua barua zake.

Umahiri nao ni suala la maadili, na hapa fani yetu ina aibu zake. Kwa miaka mingi watu waliotoka kwenye ajali na maafa walikuwa wakikusanywa mara moja na kutakiwa kusimulia kwa undani yaliyowapata, katika kikao kimoja, kwa imani kwamba kufanya hivyo kutazuia kiwewe cha baadaye. Ilionekana jambo la busara na la utu. Tafiti zilipojumlishwa, kikao hicho cha mara moja hakikuzuia kiwewe, na kulikuwa na dalili kwamba baadhi ya watu kiliwaumiza zaidi. Sasa Shirika la Afya Duniani linashauri msaada wa kwanza wa kisaikolojia, ambao haumlazimishi mtu kusimulia chochote: tazama usalama na mahitaji yake, msikilize kwa kadiri anavyotaka kusema, muunganishe na ndugu na huduma. Aibu nyingine ni ya kumbukumbu. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwasimulia watu wazima 24 kisa cha uongo kwamba walipotea dukani walipokuwa watoto, na robo yao walikuja kukikumbuka, kizima au nusu. Wakati huo walikuwapo wataalamu waliokuwa wakiwachokonoa wateja wiki baada ya wiki watafute kumbukumbu zilizofukiwa, na familia zikavunjika kwa mambo ambayo huenda hayakutokea. Swali la mtaalamu lina nguvu ya kuumba. Kuuliza "Ilikuwaje?" na kuuliza "Alikugusa wapi?" ni matendo mawili tofauti.

Inakadiriwa kwamba kati ya wateja 100 watu wazima, 5 hadi 10 hutoka kwenye tiba wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoingia, na kazi za Michael Lambert zimeonyesha kwamba wataalamu hawawaoni watu hao vizuri wakitegemea hisia zao tu. Dawa yake ni rahisi hadi inachosha: dodoso fupi kila kikao, dakika mbili, na swali la mwisho kuhusu leo tumekwendaje. Mwanzoni nililichukia dodoso hilo kwa sababu liliniambia mambo ambayo sikutaka kuyasikia kuhusu watu niliodhani wananipenda. Mmoja alinipa alama za juu kwa wema na za chini kwa "tulizungumza nilichotaka kuzungumza", kwa wiki tatu mfululizo, akitabasamu kila anapoondoka.

Na yule mteja wa kwanza? Mwalimu alinirudisha kwake na kazi moja: kuitengua ile sentensi. Nilijiandaa wiki nzima. Nilimwambia kwamba nilimwahidi jambo ambalo siwezi kulitimiza. Kwamba mengi yatabaki kati yetu, lakini akiniambia uhai wake au wa mtu mwingine uko hatarini, au mtoto anaumizwa, nitalazimika kumhusisha mwingine, na nitajitahidi kumweleza yeye kwanza. Kwamba mahakama inaweza kuniagiza kutoa maelezo. Na kwamba kuna mwalimu anayesikiliza rekodi zetu ili anifundishe, na yeye ana haki ya kukataa na tutaendelea bila kinasa sauti. Kisha nikamuuliza kama ana swali, na safari hii nikahesabu kimya kimya. Nilifika sekunde ya 19.

"Nilijua yupo mwingine," akasema, akiitazama ile mashine. "Ndiyo maana wiki iliyopita nilikueleza mambo ya kazini tu."

Akaomba tuizime. Nikaizima, na akanieleza kilichomleta.